Gari la Baba Dhidi ya Gari la Jarkko

Jumatano, 7 Februari
Jarkko wa namba tano kanisalimia! Miaka minne tumeishi ukuta kwa ukuta hapa Kajaani bila kusumbuana kwa salamu, leo eti, "Habari za asubuhi, mzee Kalervo!" Anataka nini huyu? Akalizunguka gari langu mara mbili, akauliza limetembea kilomita ngapi. Laki sita na elfu kumi na mbili, nikamwambia, na injini ni ileile tangu marehemu baba alinunue mwaka 1989. Lake la umeme lina miaka miwili na limeshalala gereji mara tatu. Bei imeshuka nusu. Mwenyewe anacheka! Mtu anacheka hasara yake? Ana lake jambo.

Alhamisi, 8 Februari
Mke wangu Marjukka amechoka. Anasema anataka gari linalompasha yeye joto, si linalompasha mumewe kwa kulisukuma. Ametoa sharti. Ijumaa magari yote mawili, langu na la Jarkko, yalale nje bila waya wa umeme wa kuyapasha joto usiku. Jumamosi saa mbili asubuhi, litakalotangulia kutoka ndilo litakalompeleka kwa mama yake, kule mjini Sotkamo. Langu likishindwa, linauzwa. Gari la baba! Jarkko kakubali upesi mno. Tena kaleta maandazi ya iliki. Sikuyagusa. Nilikula mawili tu, kwa uchunguzi.

Ijumaa, 9 Februari
Utabiri: nyuzi hasi thelathini. Jarkko lazima atadanganya, kwa hiyo sina budi kumtangulia. Zamu yake ya sauna, bafu la mvuke la jengo letu, ni saa kumi na mbili jioni, na mtu hatoki sauna mapema hata nyumba ikiungua. Nikachomeka waya kwenye nguzo ya uani, ile ya kupashia injini joto, nikaupitisha hadi kwenye boneti, nikaufukia kwa theluji. Safi kabisa. Jarkko akatoka mwekundu, kichwa kinafuka mvuke, akanipungia mkono. Kwa nini apunge?

Jumamosi, 10 Februari
Hasi thelathini na moja. Mwamuzi ni Bi Tyyne, mwenyekiti wa jengo letu. Gari la Jarkko likakataa hata kufunguka! Vishikio vya milango vimejificha ndani ya bati, eti urembo, barafu ikavifungia humohumo. Jamaa anapuliza, anabembeleza, anagonga kwa kiwiko. Langu? Ufunguo mara moja, likanguruma. Nilitaka kulia, kweli. Bi Tyyne akainua mkono: Kalervo kashinda.

Ningeondoka taratibu, yangeisha. Lakini nilitaka kuzunguka ua kwanza, majirani waone madirishani. Nikasikia paa! Kisha kitu kinakwaruza. Lo, waya! Umefukuka wote, na kisanduku cha nguzo kinanifuata kikirukaruka kwenye theluji. Bi Tyyne akauliza kwa upole, huo mkia umeota lini. Marjukka akasema ushindi umefutwa, gari linauzwa. Akaenda kupanda gari la Jarkko, ambalo mlango wa abiria ulikuwa umeshakubali. Jarkko, machozi ya kicheko yakimgandia shavuni, akaniambia nimehangaika bure. Mwezi uliopita alinisikia nikiliwasha kwa hasi thelathini na tatu bila waya wowote. Kumbe ananisikiliza!

Ijumaa, 16 Februari
Gari la baba limeuzwa. Mnunuzi nani? Jarkko! Eti magari ya namna hii hayatengenezwi tena, thamani yake itapanda tu. Nilijua! Ile salamu! Tena kanipa ufunguo wa akiba, niwe naliendesha Jumapili. Wema wa nini huo? Marjukka naye kachukua la umeme, kama la Jarkko, na anakaa humo hata likiwa limesimama, kwa ajili ya viti vyake vinavyopasha joto.

Nimemwendea Jarkko. Nimemwambia magari ya zamani ni mikebe mitupu, na kesho asubuhi jipya letu dhidi ya kuukuu lake, yote yalale bila waya. Nikishinda, anirudishie gari la baba. Kakubali. Upesi mno!

Safari hii sikosei. Nimekaa nikafikiri, nimelijua kosa langu. Waya ulikuwa mfupi. Nimeshanunua wa mita ishirini.