Rauta kwa Kila Paa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mama Mkaguzi Mkuu, uliyeacha majukumu mazito ukaja kuketi nasi; waheshimiwa wajumbe wa meza kuu, mliokaa na mliokosa viti mkasimama kwa heshima ya nyadhifa zenu; viongozi wa madhehebu yote; Ndugu Mkandarasi wa Mradi, ambaye nyumbani ni shemeji yangu lakini kikazi hatufahamiani; Mama Fundi, fundi cherehani wetu na mwenyekiti wa klabu ya redio ya ridhaa; mke wangu, ambaye naye ni mdau; ndugu wanahabari, nakuona umekuja; na ninyi wananchi ambao ratiba haikuwataja lakini mmefika hivyo hivyo: itifaki imezingatiwa, na asiyejisikia kutajwa ajihesabu yumo kwenye neno "wengineo". (Makofi kutoka meza kuu.)

Mimi, Mkurugenzi wa Idara ya Mawasiliano Nafuu, nasimama mbele yenu nikiwa na furaha ambayo nimeshindwa kuificha ingawa nimejitahidi, kwa sababu leo tunazindua Mradi Shirikishi, Endelevu na Jumuishi wa Rauta kwa Kila Paa, mradi ambao watu wenye wivu walisema hautafika popote, nao leo hii umefika hadi kwenye meza hii mnayoiona, yenye kitambaa cheupe na utepe wa buluu. Kabla sijateuliwa, mawasiliano hapa yalikuwa ya kubahatisha. Kile kilima kinachotutenganisha na wenzetu wa ng'ambo kilisimama palepale kinaziba simu, na viongozi wote walionitangulia walikitazama wasikichukulie hatua yoyote. Mimi nilipoingia ofisini, wiki ya kwanza tu, nikaunda kamati ya kilima. (Vicheko. Mkurugenzi anavipokea kama makofi, anainama kidogo.)

Sasa nieleze teknolojia yenyewe kwa lugha nyepesi, ili hata walioko meza kuu waelewe. Rauta ni kile kidude cha intaneti cha nyumbani chenye taa zinazokonyeza, ambacho ukihama kampuni unakitupa kwenye droo pamoja na chaja zilizokufa. Ukikifutia programu yake ukakiwekea programu ya wanaredio, ukakifungia ndani ya boksi lisilopitisha maji, ukakipandisha juu kikaonana na chenzake cha paa lingine, basi vyenyewe kwa vyenyewe vinatafutana, vinajuana na kupokezana maneno, sauti na picha, paa hadi paa, bila vocha na bila mnara wa kampuni. Unachotakiwa ni leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya wanaofanya kwa mapenzi bila malipo, ambayo unaipata kwa kufaulu mtihani. Maelezo haya aliniandikia Mama Fundi, ila mkazo ni wangu.

Na hapa niseme ukweli, maana mimi nikishika kipaza sauti huwa sifichi. Klabu ya Mama Fundi ilikuwa tayari imefanya jaribio dogo lisilo rasmi, lililounganisha nyumba kadhaa, hospitali yetu na zahanati ya ng'ambo ya kilima, na kwa bahati mbaya jaribio hilo lilikuwa linafanya kazi. Nasema kwa bahati mbaya kwa sababu lilianza kufanya kazi kabla ya upembuzi yakinifu, kabla ya warsha ya wadau, na kabla sijapata nafasi ya kuliidhinisha. Idara haikuwachukulia hatua. Idara iliwakumbatia, ikawaambia kuanzia sasa mnachofanya ni mradi wetu, endeleeni, ila acheni kusema ni chenu. (Mama Fundi anatikisa kichwa taratibu. Mtu mmoja nyuma anasimama. Ni mpaka rangi, bado amevaa ovaroli yenye madoa. Anasema: "Samahani, Mheshimiwa. Hilo boksi la buluu hapo mezani ndilo lililokuwa juu ya tangi la maji kilimani.")

Ndugu yangu mpaka rangi, kaa. Kipindi cha maswali kimo kwenye ratiba, ingawa hakitafikiwa. Lakini kwa kuwa umegusa maonyesho, nitajibu. Ni kweli. Nilimtuma katibu wangu atafute kifaa cha mfano, na Mama Fundi akajitolea kutoa kimoja kilichokuwa cha akiba kwenye droo ya dukani kwake. Nikakiona. Kilikuwa cha kijivu, kimejaa vumbi la nyuzi, kina mkanda wa gundi ubavuni. Nikauliza, jamani, hiki ndicho cha kumwonyesha Mgeni Rasmi? Katibu akasema kuna kingine juu ya tangi, kimepakwa rangi ya buluu vizuri kabisa, nayo ndiyo buluu ya utepe wetu. Nikasema kileteni. Huo ndio unaoitwa uamuzi wa kimkakati, na aliyekipaka rangi ajivunie. ("Nilikipaka mimi," anasema mpaka rangi. "Na ndicho kinachoona pande zote mbili. Kikitoka pale juu, zahanati na hospitali haziongei. Mke wangu yuko zahanati tangu jana. Nimetoka huko asubuhi hii, muuguzi ananiambia mtoto amekaa vibaya, anataka kuongea na daktari waamue kama aletwe huku, na laini imekufa. Nimepanda kilimani nimekuta juu ya tangi hakuna kitu. Naomba boksi, Mzee. Ngazi ninayo hapo nje.") 

Mmeona? (Mkurugenzi anaunyooshea ukumbi kidole.) Mmeona mradi unavyogusa maisha ya mwananchi wa chini? Sikumpanga huyu, Mama Mkaguzi, amekuja mwenyewe. Ndugu yangu, Idara iko nawe, mimi binafsi nina wake wa ndugu zangu wengi waliojifungua, na wote ni wazima. Boksi litarudishwa likishakatiwa utepe, likishapigwa picha, likishakabidhiwa kwa mkandarasi, na mkandarasi akishalikabidhi kwetu rasmi. Huwezi kukirudisha kitu ambacho hakijazinduliwa, kitarudi kama nani? Kaa, baba, vuta subira. (Mpaka rangi hakai. Anatembea hadi mbele, anasimama kando ya meza, mikono nyuma. Watu wa safu ya kwanza wanampisha.)

Haya, tuendelee na takwimu, maana muda si rafiki. Hadi sasa mradi umezifikia kaya asilimia mia moja na kumi na nne, na hiyo ziada inatokana na kaya zilizofikiwa huku hazijajengwa. Maboksi ya rauta yaliyosambazwa na mkandarasi ni mia nne, yote yamefungwa vizuri, na yakipokelewa na Mheshimiwa Mgeni Rasmi... (Ukumbi mzima, kwa pamoja, kama darasa: "Lisifunguliwe hata moja.")

Nani kasema hivyo? Hayo maneno... (Anatazama karatasi yake.) Hayo maneno sijayasoma bado. Sawa. Nilitaka kusema tu kwamba yasifunguliwe kwa ajili ya vumbi. Vilevile mkandarasi amezingatia ubora kwa kuhakikisha kwamba ndani ya kila boksi... (Ukumbi: "Weka tofali nusu, lipate uzito.") (Vicheko vikubwa. Shemeji anajifuta jasho. Mama Mkaguzi Mkuu anaweka miwani yake mezani.)

Mama Fundi, nakuuliza wewe kama mwenyekiti. Mazungumzo yangu na mkandarasi yamewafikiaje watu hawa? Wewe mwenyewe uliniwekea simu ya mezani na rauta ofisini, nyingine ukampa shemeji, tukawa tunaandikiana na kuongea raha mustarehe, hakuna bili, hakuna nywila, nikasema huu ndio mtandao wa kiungwana. (Mama Fundi, bila kusimama: "Mheshimiwa, siku ile ya kwanza nilikusomea kanuni. Redio ya ridhaa haina siri, ni sheria. Hakuna kufunga maneno kwa nywila, na asiye na leseni anaongea mwenye leseni akiwa karibu. Kila unachosema kinasikika, na mwenye kutaka anasoma. Ukaniambia kanuni nimpe katibu.") Na ulimpa? ("Nilimpa.") Katibu, ulizifanyia nini? (Katibu: "Nilizifungulia faili, Mzee.") Vizuri, huo ndio utaratibu. Basi lililotokea ni uwazi na uwajibikaji, nguzo mbili za Idara yangu, na nawapongeza wananchi kwa kufuatilia shughuli za serikali yao usiku na mchana, hata yale niliyomwambia shemeji kuhusu mkwe wetu mkubwa, ambayo nayafuta.

Mama Mkaguzi, nakuona unaandika. Usiandike bado, jambo kubwa linakuja. Nitathibitisha kwa vitendo. Mama Fundi ameweka rauta pale dirishani, ameiunganisha na spika hizi, na kwa agizo langu ameunganisha pia kipaza sauti hiki, ili hotuba iwafikie wote wenye mtandao majumbani kwao. Sasa naiita zahanati ya ng'ambo, moja kwa moja, mbele yenu. Zahanati, Zahanati, hapa ni Mkurugenzi. (Kimya.) Zahanati, ni Mkurugenzi mwenyewe anaongea. (Kimya. Mpaka rangi ameinamisha uso.) Ukimya huu, ndugu wananchi, unaonyesha kwamba kule hakuna tatizo lolote, maana wenye matatizo huwa wanapiga kelele. Naomba makofi. (Hakuna anayepiga. Mkewe Mkurugenzi anasema kwa sauti ya kusikika kabisa: "Mpe mwenzio boksi, baba, aibu gani hizi.")

Mke wangu ametoa maoni yake kama mdau na yamepokelewa. Lakini utepe... (Mama Mkaguzi Mkuu anasimama, anachukua boksi la buluu pamoja na utepe wake, anampa mpaka rangi. "Kimbia, kaka," anamwambia. "Hayo ya uzinduzi niachie mimi." Mpaka rangi anatoka mbio, na vijana wa klabu nyuma yake na ngazi.) Naam, Mheshimiwa Mgeni Rasmi amezindua. Naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba amezindua kwa njia ya kukabidhi, mtindo wa kisasa, na kwamba utepe umekwenda na boksi.

Wakati tunasubiri, nitasoma mafanikio yangu. (Anasoma mafanikio yake. Yanachukua kurasa nne. Amefundisha, amehamasisha, amewezesha, amejengea uwezo, ameenda ziara ya mafunzo nchi isiyo na kilima kabisa ili ajifunze hali ikiwa nzuri inakuwaje. Hakuna anayemsikiliza, wote wanaitazama rauta ya dirishani, taa yake nyekundu. Mama Fundi ameiwekea mkono kama anayepima homa. Inabadilika, inakuwa ya kijani.)

...na kwa hiyo katika awamu ya pili, baada ya paa, tutaleta rauta kwa kila mlango, na... (Spika zinakwaruza. Sauti ya mwanamke, imechoka: "Hospitali, hapa zahanati ya ng'ambo, muuguzi anaongea. Kuna mtu ananipata?" Sauti ya mwanamume inajibu hapo hapo: "Nakupata, dada. Hapa ni daktari. Sema." Muuguzi anasema mtoto amekingama, uchungu umeanza alfajiri, mama amechoka lakini anaongea. Daktari anamuuliza hili na lile, kisha anasema: "Usisubiri. Mlaze kwa ubavu wa kushoto, gari linatoka sasa hivi. Barabara ya juu ina mawe, tunahitaji watu wa kusafisha njia." Kabla hajamaliza, viti vinasogezwa. Wanatoka wazee, wanatoka akina mama, anatoka mwanahabari, anatoka mke wa Mkurugenzi na viatu mkononi. Shemeji naye anatoka, ila kwa mlango mwingine.)

Tusiondoke bila ratiba, jamani. Jamani. (Wamebaki Mama Mkaguzi Mkuu, katibu, na Mama Fundi dirishani.) Haya, wamekwenda kutekeleza mradi. Basi tufunge kwa kaulimbiu yetu, mimi nitasema na ninyi mtaitikia. Rauta. (Anaitikia mwenyewe: "Kwa kila paa.") Mawasiliano. (Katibu: "Nafuu, Mzee.") Uwazi. (Mama Mkaguzi anamtazama. Haitikii mtu.)

Nakushukuru Mama Fundi na klabu yako kwa kuendelea kufanya kile ambacho Idara ilikusudia kuwazuia kukifanya bila kibali. Nakushukuru katibu kwa faili. Nawashukuru wananchi kwa kutouliza mapema mradi uko wapi, maana mngeniuliza ningelazimika kuuanzisha. Na wewe Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nakushukuru kwa uvumilivu. Na kwa kuwa umeninong'oneza sasa hivi kama nina kifaa kingine chochote cha mradi popote pale, nakujibu kwenye kipaza sauti kwa mujibu wa kanuni nilizosomewa: hapana, Mama. Kilikuwa kile kimoja, na hakikuwa chetu. Asanteni sana kwa kunisikiliza.

(Spika zinakwaruza tena. Sauti ya muuguzi: "Ukumbini, tumekusikia vizuri sana. Sasa zimeni hicho kipaza sauti, baba, hotuba inatujazia njia. Tunaongea na dereva.")