Mbuzi wa Silanga na Raba Namba Kumi

Jumatatu, 6 Mei 1996
Kanisa limetangaza mbio za Jumamosi: kutoka Silanga, kando ya bwawa, kupitia msituni hadi Kabiro. Mshindi apewa mbuzi. Nimeshamwambia mchumba wangu Seline mbuzi ni wetu, tutampeleka kwao Jumapili nikijitambulisha. Mama yake pia ana habari. Kushindwa, basi, ni marufuku.

Seline anauza makaa Silanga. Akashauri nivae akala, zile ndara za tairi, eti yeye hupanda matope nazo kila siku na gunia mgongoni. Akala! Mimi, Opondo, mwanariadha!

Jumanne, 7 Mei
Muiruri, mtoto wa landlord, naye anakimbia. Ana raba mpya zenye meno. Leo kaniuliza mteremko wa matope unakimbiwaje. Maskini, kamuuliza adui! Nikamwambia apige hatua ndefu, alale nyuma, atue na kisigino, atazame vidole. Ukweli ni hatua fupi na macho mbele, lakini ukweli haugawiwi bure. Nikamwonyesha mara ishirini.

Alhamisi, 9 Mei
Nimepata raba za mtumba, meno makali! Namba kumi. Mguu wangu ni nane. Muuzaji kaapa kiatu kikubwa kinapumua. Mtu msomi. Nimekata kona ya godoro langu, nikajaza mbele.

Seline akarudia habari ya akala. Nikamwambia riadha ni sayansi. Akasema basi naye atakimbia. Nikamruhusu.

Jumamosi, 11 Mei
Mvua! Godoro likanywa maji, kila kiatu kikawa ndoo. Kwenye mteremko wa kwanza miguu yangu ikakumbuka yale mazoezi ishirini: hatua ndefu, kisigino, vidole. Nikateleza hadi kwenye bustani ya sukuma wiki ya Mama Nabwire. Akauliza kama kwetu hakuna kitanda. Raba moja imebaki huko.

Muiruri akapita na hatua fupi fupi. Baadaye akanishukuru: aliniona nikikimbia, akaamua kufanya kinyume. Kawa wa pili.

Wa kwanza, Seline. Na akala zake.

Jumapili, 12 Mei
Seline kampeleka mbuzi kwao mwenyewe. Mimi nikapewa heshima ya kushika kamba.

Nimejichunguza kwa unyenyekevu. Kosa lilikuwa godoro. Mwakani nitajaza pamba ya mto.

Mama yake alipouliza mimi nimeleta nini, sikusita. Nikamwambia mbuzi wa pili yuko njiani.