Uzinduzi wa Mchezo Uliompa Mwanamke Nguvu Mbili

Mheshimiwa Diwani, mwakilishi wa mwakilishi wa Mkuu wa Wilaya, viongozi wa dini, wazee wa mila ambao shikamoo zenu nimezitoa kwa jumla pale getini, wafadhili mliotuma salamu badala ya kuja, na vijana mliosimama juani kwa hiari baada ya kuamriwa: Tarime oyee! (Oyee, ya mtu mmoja.)

Mimi Clement, Afisa Michezo wenu, nazindua Mradi Shirikishi wa Mchezo wa Mezani kwa Usawa wa Jenda, ambapo kila mchezaji anajibunia mtu wake, anampa pointi za nguvu na akili, halafu anarusha dadu kuwafukuza wezi wa ng'ombe, mchakato ambao kitaalamu ni kapasiti bildingi na umeshaongeza furaha ya vijana kwa asilimia mia na nne. (Makofi kutoka kivulini.)

Katika maboresho, ofisi yangu ilielekeza mtu wa kiume aanze na nguvu nane, wa kike mbili, ila tukamfidia kwa pointi tisa za uzuri, kwa sababu sisi hatumwachi mwanamke nyuma, tunamweka jikoni ambako wezi hawafiki. (Miguno.)

(Bibi Veronika, mjane: "Clement! Mimi nimeoa. Ng'ombe wa mahari nimewaswaga mwenyewe. Nina nguvu ngapi?")

Nashukuru kwa swali. Wenzangu tuliohamishiwa huku, mjue kwamba hapa mwanamke mwenye mji wake, yaani boma lake, anaweza kumtolea binti ng'ombe, akamwoa, na watoto wakawa wa mji ule, jambo ambalo kanuni yetu tuliyoiandika kwenye semina Musoma haikulitarajia, hivyo kamati ikaketi mpaka chai ikaisha, ikaazimia Bibi Veronika awe mwanaume siku ya mnada na mwanamke siku ya kuchota maji. (Kicheko. Mwakilishi wa mwakilishi anakohoa.)

Basi nakiri, kwa unyenyekevu ambao sijauona kwa mtumishi mwingine yeyote, kwamba kanuni ile niliitunga baada ya kucheza na binti Bhoke, mtu wake wa mchezoni anayeitwa Waisiko akarudisha ng'ombe wote kutoka mtoni, huku mtu wangu, komandoo, kajificha kwenye ghala la mahindi, na vijana wakaniita Mzee Ghala mpaka sokoni. Ndipo nikamkata Waisiko nguvu, nikamtoa Bhoke kwenye timu inayokwenda kushindana Mugumu, nikamweka mpwa wangu. Nilikosea. Nilikosea kimkakati. ("Mrudishe basi!" "Sema, Mzee Ghala!")

Namrudisha, na nguvu zake zote! Usawa hoyee! Dadu juu! (Hoyee! Vigelegele.)

Mwisho, nawashukuru wafadhili, ambao meza na dadu zao hazijafika, na haziwezi kufika maana hatukuwahi kuziomba. Mradi haupo. Nakushukuru wewe Bhoke, uliyeubuni mchezo huu nyumbani kwenu kabla sijaupa jina refu. Binti yangu, naomba na mimi mnipokee tena mchezoni.

(Bhoke: "Karibu, baba. Imebaki nafasi ya ng'ombe.")