Dawa ya Mba Imeshika Namba Moja

Jamani, nimejiaibisha leo mbele ya wageni, na hivi ninavyoandika nazunguka stoo ya karatasi kama kuku anayetaka kutaga.

Mnajua kazi yangu: chai na kutoa kopi. (Ndoto zangu ni nyingine, tuziache.) Ofisi yetu hapa Kanombe, jirani na uwanja wa ndege, inatafuta dawa ya hiki kirusi kipya, lakini hawachanganyi chochote kwenye chupa. Wanachukua dawa za zamani, za minyoo, za presha, za mba, wanaziingiza kwenye kompyuta, nayo inapima ipi inaweza kukishika kirusi isikiachie. Kila dawa inapewa alama.

Kwa wiki mbili bosi wetu, Dokta Mutesi, amekuwa akinifundisha majedwali. Akaniahidi: leo nikifanya vizuri, ananitoa jikoni ananipa dawati. Usingizi niutoe wapi? Nimetoka nyumbani Batsinda jua halijachomoza.

Saa tatu akaniita. "Josi, ipange hii orodha, dawa bora ziwe juu. Chapisha kumi za kwanza. Wageni wanaingia saa nne."

"Ndiyo, Dokta!"

Nikapanga. Yenye alama kubwa juu, kama shuleni. Namba moja: dawa ya mba! Ile ya kuoshea nywele! Nikaruka ruka peke yangu. Huko chini kulikuwa na nyingine zina minus saba, minus tisa, minus kumi. Masikini, zimefeli mpaka chini ya sifuri! Zilinitia huruma. (Ile ya mwisho kabisa niliiambia, "Pole.") Kumi zangu nikazipaka kijani, na mwisho wa ukurasa nikaandika: Imeandaliwa na Josiane, Mtaalamu wa Data.

(Nani alinituma?)

Wageni wakaingia. Profesa mmoja kutoka Dar es Salaam, mzee mpole, akavaa miwani, akasoma.

"Namba moja ni dawa ya mba?"

Dokta alikuwa bado anahangaika na waya za kompyuta. Mimi niko pembeni na birika. Kunyamaza kukanishinda.

"Ndiyo, Profesa! Imeziacha zote mbali!"

"Zote?"

"Zote! Kuna nyingine zina minus. Hizo zimefeli kabisa."

Dokta akaacha waya. Akachukua karatasi. Akaitazama, akanitazama mimi.

"Josi. Minus ndiyo nzuri. Kadiri alama inavyoshuka, ndivyo dawa inavyokishika kirusi. Hii ya mba inakisukuma."

Hapo hapo ndege ikapita juu ya paa. Ofisi yetu ndege ikipita hakuna anayeongea, mnangoja tu. Hii ya leo ilipita kama iliyolipwa kuchelewa. Watu saba, karatasi saba za kijani, na mimi na birika langu. Mana yanjye, Mungu wangu!

Kulipotulia, Profesa akausoma mstari wa mwisho kwa sauti. "Na huyu Mtaalamu wa Data ni nani?"

"Ni mimi, Profesa. Shikamoo."

Walicheka mpaka mmoja akajimwagia chai. Dokta peke yake hakucheka. Akavuta kiti.

"Kaa. Panga upya, sisi tukiangalia."

Nikaweka birika chini, nikakaa. Nikageuza. Minus kumi ikapanda juu kabisa. Profesa akainama, akaandika jina la dawa ile kwenye daftari lake, wala hakunitazama tena.

Wageni wameshaondoka. Dokta amepita hapa stoo sasa hivi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, sikupata hata nafasi. Amesema tu, "Jumatatu, saa mbili," akaenda zake.

Sisi wa chai tunaingia saa moja. Wa madawati ndio wanaingia saa mbili.

Naombeni msicheke, na msinipongeze. Mimi na namba, huenda hata hii nimeisoma kinyume.