Pilipili Juu ya Sola ya Bibi Maeng

Ilitangazwa kwa vipaza sauti vya vijiji vyote vya wilaya ya Chungok kwamba jua, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa likiwaka bila usimamizi wowote, sasa limewekwa chini ya Kitengo cha Uhakiki wa Manufaa ya Jua. Kila nyumba yenye sola itakaguliwa. Sola itakayoonekana hailipi gharama yake itang'olewa na kuhamishiwa ofisi kuu ya wilaya, ambako manufaa hayajawahi kukosekana.

Bwana Tak Gi-cheol, mkuu wa kitengo hicho na mtumishi wake pekee, alianza na mjane Maeng Sun-deok. Mita ya sola ilisoma sifuri. Tak akapanda ngazi, akachungulia paani, akaduwaa. Paneli zote zilikuwa zimeanikwa pilipili nyekundu.

"Bibi, hizi nini?"

"Pilipili. Au siku hizi serikali haizijui?"

"Paneli zinataka jua, bibi!"

"Na pilipili zinataka nini, mwezi? Zamani nilianika barabarani, malori yakazisaga kabla ya kinu. Sasa mmenijengea kichanja cha kioo. Kinapata moto, kimeinama, maji hayatuami. Hapo mlitumia akili kweli, wanangu."

Tak alifafanua kwamba hayo siyo matumizi yaliyokusudiwa. Bibi naye akafafanua kwamba pilipili ni za majuma machache tu ya vuli, kabla ya baridi. Siku nyingine zote umeme unaingia. Wakati wa theluji hulala juu ya mkeka wa umeme, magoti yakatulia, na bili imepungua mpaka mwanawe aliyeko Seoul akapiga simu kuuliza kama mama bado yu hai.

"Mkizing'oa, baridi ya mwaka huu nitaipitishaje?"

Tak alimhurumia sana. Kwa bahati mbaya, huruma haikuwa miongoni mwa vigezo.

Mara akaingia mkuu wa wilaya, Mheshimiwa Ok Dong-pyo, na wapiga picha wake. Alikuwa amekwisha kuzipangia paneli hizo kazi: kupasha joto ofisi yake.

"Sifuri!" alisema kwa furaha. "Ng'oeni."

"Mheshimiwa," Tak akajikuta anasema, "kitaalamu, manufaa ya jua yamepatikana. Ila hayakupitia kwenye waya."

"Yamepitia wapi?"

"Kwenye pilipili. Zilizokaushwa juani zina bei kuliko za mashine. Ukijumlisha na umeme wa miezi mingine, sola hii inajilipa mapema kuliko zote wilayani."

Wapiga picha wakainua kamera. Mheshimiwa hakuwa mtu wa kuiacha kamera ikae bure. Alitamka papo hapo kwamba wazo hilo ni lake la siku nyingi, kwamba litajaribiwa kwenye sola za ofisi kuu, yeye mwenyewe akiongoza, na Bibi Maeng akiwa mshauri mwalikwa. Jaribio likishindikana, sola ya bibi inang'olewa.

Siku ya jaribio paa la ofisi kuu likawa jekundu. Mheshimiwa alipanda na suti yake, akapigwa picha akigeuza pilipili kwa mikono mitupu. Hapo wingu jeusi likatanda.

Sasa, Chungok wingu likitanda hakuna cheo. Makarani, walinzi, madereva, wote walitimka kwenda kuanua pilipili za kwao. Walibaki bibi, Tak aliyeshika ngazi, na wapiga picha, ambao ni watu wa mjini na hawana pilipili.

"Njooni mniokoe!" Mheshimiwa alipaza sauti, akizoa pilipili peke yake. Mvua ikamnyeshea usoni, akajifuta macho kwa mikono ileile.

Mayowe yake yalisikika hadi sokoni. Alishushwa ngazi akipapasa kama kuku aliyetolewa gizani.

"Nakufa! Mshauri! Hakuna dawa?"

"Ipo," alisema Bibi Maeng. "Ila tumalize kwanza habari ya sola yangu."

"Bibi, naungua!"

"Na mimi nitaganda."

"Kaa nayo! Ni yako!"

"Mpaka lini?"

"Mpaka jua lizimike, mama yangu, nakusihi!"

"Mmesikia?" bibi aliwauliza wapiga picha. Wakasema wamesikia, tena wamerekodi.

"Haya, baba," akamwambia Mheshimiwa kwa upole. "Nawa kwa maji mengi. Na uache kufikicha."