Naomba Nivuliwe Uzoefu wa Kuwinda Kulungu

Kambi ya Mabomba,
North Dakota.
2 Novemba, miezi minane tangu niondoke nyumbani.

Kwa Mwenyekiti,
Kambi ya Uwindaji ya Zastrow,
Wisconsin.

Mheshimiwa Mwenyekiti na Baba Mkwe Norbert,

YAH: OMBI LA KUVULIWA UZOEFU

Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti limetulia. Mimi sijambo, isipokuwa mgongo. Huku theluji imeshaanza, na bomba ukilishika bila glavu linabaki na ngozi yako. Mwandiko ukiruka, ujue ni vidole.

Nakuandikia rasmi, si kama mume wa binti yako, kwa sababu nikiyasema haya mezani unaniambia, "Kula kwanza."

Mwaka juzi uliweka sheria kwamba mwindaji mzoefu asipige kulungu dume mchanga. Amwache apite, akue, mpaka pembe zipite upana wa masikio. Wanaoanza tu ndio waruhusiwe kupiga dume yeyote. Kisha ukanigeukia mbele ya watu ukasema, "Merlin, wewe sasa ni mzoefu." Watu wakapiga makofi. Nikafurahi kama mjinga, nikawanunulia wote brandi. Sikujua kuwa nimehukumiwa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Wewe umestaafu. Ulingo wako wa kuvizia una jiko la gesi na kiti chenye mto. Unaweza kumngoja dume kama mtu anayengoja jibini ikomae. Mimi nakuja mara moja kwa mwaka. Msimu ni siku tisa, na mbili nazimalizia barabarani. Mwaka jana madume watatu walipita chini ya miguu yangu, wote wachanga. Mmoja alisimama akajikuna. Nikawaacha, huku kidole kinalia.

2. Tunaowaacha hawakui. Wanaruka uzio wa Gerald. Jirani yetu Gerald hana sheria wala mwenyekiti. Yule aliyejikuna alikwenda kwake taratibu, na kabla sijamaliza kahawa ya chupa nikasikia mlio. Jioni Gerald akaja kambini na pikapu, mzigo nyuma, akaniambia, "Asante, jirani. Umenilelea vizuri." Wote walicheka. Wewe, Mwenyekiti, ulicheka mpaka ukashika meno yako yasidondoke.

3. Krismasi tulikula soseji za kulungu huyohuyo. Gerald alizileta mlangoni mwenyewe, zimefungwa utepe mwekundu, na binti yako Lorna akamkaribisha kahawa. Alipoondoka, Lorna akaniambia bila hasira, na hapo ndipo paliponiuma, "Merlin, msimu ujao usipojaza friza, kambini ndiyo basi. Utakuwa unabaki hapa unapaka rangi chumba cha chini." Baba Mkwe, kile chumba cha chini unakijua. Ulikijenga wewe. Mtu akianza kukipaka rangi hatoki tena. Kwa hiyo usidhani nagombania nyama tu. Nagombania kuja kambini.

4. Kuna suala la majina. Tangu ufunge zile kamera porini, kila kulungu amebatizwa. Kuna Askofu, kuna Fundi Bomba, kuna Marehemu Shangazi Hilda ambaye ni dume. Mwaka jana, siku yangu ya mwisho kambini, nilimlenga mmoja niliyeona amefikia kipimo. Ukaniita kwenye redio, "Acha, huyo Clarence. Bado mdogo, masikio ndiyo yanakudanganya." Nikashusha bunduki. Kitu ukishakijua jina huwezi kukipiga. Mimi hata kuku wa dada yangu nilishindwa kumla.

5. Kama kuwaacha wachanga ndiyo busara, basi tuifuate kotekote. Viazi vidogo vya Mama Mkwe vibaki ardhini. Mahindi mabichi tusile. Wachezaji wapya wasiguswe uwanjani mpaka wapate vitambi. Na mimi je? Nilipokuja kumposa Lorna nilikuwa na miaka ishirini na moja, masharubu yangu hayajafika hata pembe za mdomo. Mbona hukuniacha nipite? Ulinidaka mlangoni, ukanishika bega, ukamwambia Mama Mkwe, "Huyu anatosha." Ungeniacha miaka mitatu zaidi pengine ningekomaa nikawa fundi umeme, na leo nisingekuwa ninabeba mabomba.

6. Hata hivyo siombi sheria ifutwe. Kiti chako nakiheshimu. Naomba tu utangaze kambini kwamba mimi si mzoefu na sijawahi kuwa. Ushahidi uko ukutani. Kila anayekosa shabaha hukatwa pindo la shati likapigiliwa msumari, na ukuta wa upande wa jiko karibu wote ni mashati yangu. Lile jeupe ni la harusi. Nimeanguka kutoka ulingoni nikiwa usingizini. Nimepotea katika ekari arobaini nilizozizoea tangu ujana, nikatokea katikati ya ibada ya Walutheri nimevaa fulana ya uwindaji ya rangi ya chungwa, na mchungaji akanikaribisha mbele. Mtu wa namna hii ana uzoefu wa nini?

Nipewe ulingo wa wanaoanza, ule wa karibu na choo, na niruhusiwe kupiga dume yeyote, hata mwenye pembe kama vidole viwili. Vyombo nitaosha, kuni nitabeba. Ukinikatalia, itanibidi niwindie kwa Gerald. Ameshaniambia nafasi ipo.

Mpe Mama Mkwe salamu nyingi, na mbwa, na wote wa kambini. Gerald asisalimiwe mpaka nipate jibu lako.

Ni mimi mkweo mtiifu, asiye na uzoefu wowote,

Merlin Drexler

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha ndipo ikaingia kwenye simu picha ya kamera ya porini uliyotutumia sote asubuhi hii. Dume mchanga, shingo nyembamba, theluji puani, amesimama chini kabisa ya ulingo wangu na anaitazama kamera kana kwamba ameitwa. Nimemwonyesha Duane ninayelala naye chumba kimoja. Akasema, "Hiyo hapo friza yako." Nikamnyang'anya simu.

Baba Mkwe, huyo asiguswe. Wanaoanza wasimguse, na mimi mwenyewe nikimlenga unipigie kelele kwenye redio. Zile pembe ukiziangalia zinavyoanzia unaona kabisa zinataka kupanuka. Apewe miaka miwili tu. Inueni uzio wa upande wa Gerald wiki hii, na kama mbao hazitoshi, ng'oeni za ulingo wangu. Nadhani anafaa kuitwa Leopold.

Kwa Lorna nitajieleza mwenyewe. Natarajia kufika Ijumaa jioni kabla ya ufunguzi, na nitapitia kambini kwanza, nyumbani baadaye.