Mizunguko Kumi kwa Gari la Maiti

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Gari jipya la maiti limefika. Jeusi, refu, vioo vinapanda vyenyewe. Madereva wa ofisi ya mazishi tuko wawili, gari jipya ni moja. Miaka kumi na tisa nimeendesha lile la zamani, ambalo mlango wa nyuma hufungwa kwa kamba. Hili ni langu. Haki ya Mungu ni langu.

Mwenzangu hafikiri hivyo. Tunamwita Breki kwa sababu hajawahi kugonga hata kuku. Huendesha basi la wafiwa. Leo amelifuta gari jipya vumbi kwa leso yake mwenyewe, mbele ya bosi. Unafiki mtupu!

Bosi, mama mwenye ofisi, ametuita. Kasema hataki ugomvi mbele ya marehemu. Jumamosi mtu wa bima ya magari, ambaye hupima madereva, ataleta mashine: mchezo wa kompyuta wa mbio za magari, ule unaofanana kabisa na gari la kweli. Kila mmoja mizunguko kumi. Mshindi apewe ufunguo. Nikauliza mbio zinahusiana nini na mazishi. Kasema mtu wa bima hana mashine ya mazishi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, hutengeneza kompyuta, na chumba cha nyuma cha duka lake kina mashine ileile. Breki hajui. Nimemwambia mke wangu nakwenda kumjulia hali ndugu yake. Akauliza tangu lini.

Maoni ya kwanza, nikiyaandika yangali moto. Kiti kimefungwa kwa bolti kwenye fremu ya chuma. Skrini tatu. Pedali tatu, ya breki ngumu kama ya lori. Usukani unapigana na mtu: nimepanda ukingo wa barabara, ukanipiga kidole gumba. Nikauambia pole. Injini imezimika mara nne kabla sijatoka gereji. Tairi zikiwa baridi, gari linateleza kama sabuni bafuni. Kwa kifupi, ni gari. Kilichokosekana ni harufu ya maua.

Nimeendesha mwendo wangu: kilomita ishirini kwa saa, katikati ya barabara, taa zikiwaka. Mzunguko mmoja, dakika kumi na nne. Nyuma yangu yakajipanga magari kumi na moja, yakipiga honi. Niliguswa sana. Hata ndani ya kompyuta watu wanauheshimu msafara. Nikamweleza shemeji. Akajishika kichwa. Kasema wale ni watu wa kweli, kila mmoja nyumbani kwake, na wananitukana kwa lugha sita. Akaongeza kwamba hapa mshindi ni anayefika kwanza. Mimi nilidhani ni anayefika salama.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Jana na leo, mizunguko themanini na tatu. Wa mwisho: dakika mbili na sekunde tisa! Pedali ya breki hukanyagwa kabla ya kona, si ndani yake. Kona huingiwa kwa nje, huguswa kwa ndani, hutokewa kwa nje. Nilikuwa wapi miaka kumi na tisa? Nimekuwa nikipita kona kama bibi harusi.

Breki ameanza kunusa. Kauliza kidole gumba kimevimbaje. Nikasema mlango. Kisha nikaona nimsaidie, kama mwenzangu. Nikamwambia nimesikia kwa mtu anayejua: mashine ile inapenda mguu mwepesi. Klachi aiachie polepole, pedali ya mafuta asiiguse kabisa, gari litaondoka lenyewe. Akanishukuru. Kasema hakujua nina roho nzuri kiasi hiki. Nimekula chakula cha mchana kwa hamu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mashine iliwekwa chumba cha majeneza, ndipo penye nafasi. Breki alianza. Akaachia klachi polepole kama mtu anayelaza mtoto. Injini ikazima. Akawasha. Ikazima. Mara kumi na saba, nilihesabu. Hakutoka gereji. Bosi akauliza kama hiyo ndiyo mizunguko. Breki akanigeukia. Mimi nilikuwa nimeshughulika kukagua vishikio vya jeneza.

Zamu yangu: mizunguko kumi, wa haraka zaidi dakika mbili na sekunde nne. Ukuta niliugusa mara moja, kidogo. Mtu wa bima alisimama. Bosi kasema hajaelewa lolote, lakini angalau mmoja ametembea. Ufunguo uko mfukoni mwangu!

Nimemwonyesha mke wangu. Akauliza huyo abiria wangu ana haraka gani. Mshindi haheshimiwi kwake.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Naandika yalivyotokea, kwa mpangilio.

Marehemu: mwalimu mkuu mstaafu. Tumetoka hospitali saa nane kamili, mimi mbele, basi la Breki na wafiwa nyuma. Hadi kona ya benki nilikwenda taratibu. Pale nikaona njia. Sikupanga. Mguu ulijua wenyewe. Nje, ndani, nje. Gari zuri mno! Nikatazama kioo cha nyuma: hapakuwa na mtu. Kwa sekunde moja nilifurahi.

Makaburini nilifika saa nane na dakika tisa. Mchimba kaburi alikuwa bado ndani ya shimo. Akauliza wafiwa wako wapi. Nikasema nyuma. Akauliza nyuma wapi. Tulingoja dakika arobaini na moja, yeye, mimi na marehemu. Kasema kazi hii ameifanya tangu ujana, lakini maiti aliyewakimbia watu wake ndiyo kwanza anamwona.

Mjane aliteremka wa kwanza. Hakupiga kelele. Akafungua mlango wa nyuma mwenyewe, akaona jeneza limehama upande mzima. Akalirudisha kidogo kwa mkono. Kasema ameishi na mume huyu miaka arobaini, na leo alitaka kumsindikiza tu.

Nikamwambia pole, mama. Nilitaka kumtajia zile dakika tisa. Nikaona si mahali pake.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Bosi amechukua ufunguo. Kasema ningekuwa nimebeba mgonjwa, angenipa nishani. Ufunguo amepewa Breki. Basi limepewa dereva wa muda. Mimi nimepewa pikapu ya mashada ya maua, inayokwenda nyuma ya gari jipya. Breki akanipigia saluti, akaniambia karibu nyuma, mzee wa mbio.

Nimemwandikia mjane barua ya kumwomba radhi. Mke wangu alisimama mlangoni hadi nikaweka sahihi. Na kweli nimejifunza. Mwendo wa mazishi ni heshima ya mwisho, si mahali pa kushindana. Sentensi hiyo nimeipigia mstari.

Leo mchana nimemfuata Breki kwa mara ya kwanza. Nikaendesha kwa adabu, mita sita nyuma. Nimeona jambo moja tu. Kwenye kona ya benki anapunguza mwendo mapema mno, na upande wa ndani anaacha uwazi wa kupita pikapu.

Kesho tuna mazishi saa tisa. Mashada hayana uzito.